Njia iliyopita bila hodi

Mtoto alikwenda kushoto, na baiskeli nayo ikaja kushoto. Ilikuwa Jumamosi ya Oktoba, kwenye njia ya Katy, njia ya miguu na baiskeli iliyopita juu ya reli ya zamani hapa Missouri, Marekani, karibu na kijiji cha Rocheport. Sauti nyuma yetu ilipaza kwa Kiingereza kwamba inapita upande wetu wa kushoto. Binti wa miaka 8, aliyefika mwaka uliopita na wazazi wake kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, alisikia neno moja alilolijua akalitii. Akahamia kushoto. Mwendesha baiskeli alibana breki zote mbili, tairi la nyuma likachora mstari mrefu kwenye vumbi jeupe la chokaa, akasimama hatua mbili kutoka kwa mtoto. Hakuna aliyeumia. Bwana yule aliomba radhi, nasi tukaomba radhi, akaenda zake.

Tulikwenda kupumzika mbele ya handaki la zamani la reli. Bibi wa yule binti, mama wa Kivu Kusini ambaye ni jirani yangu, alikaa kimya kwa muda, kisha akaniuliza: "Mwanangu, hii njia ni ya nani?"

Nikamjibu haraka kwamba ni mali ya jimbo, kila mtu ana ruhusa kupita. Akanyoosha kidole kwenye shamba la soya lililokuwa limekauka, tayari kwa kuvunwa. "Na mwenye shamba hili, walimpigia hodi?"

Nilikuwa nimetembea njia ile mara nyingi, nikihesabu watumiaji wake kama wanavyohesabiwa na kila mtu: waenda kwa miguu, wakimbiaji, waendesha baiskeli, wapanda farasi, wanaosukuma vitoto kwenye vigari. Yule asiyeitembea lakini anaishi nayo mwaka mzima sikuwahi kumhesabu. Nilirudi nyumbani nikasoma hukumu za mahakama, na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyoona kwamba ugomvi wa baiskeli na mguu ni mdogo, na unasuluhishika. Ugomvi mzito wa njia kama hii ni wa ardhi iliyo chini yake. Bibi aliuona kwa kutazama shamba moja tu.

Katy ina urefu wa kilomita 386 hivi, kutoka Machens, karibu na St. Louis upande wa mashariki, hadi mji mdogo wa Clinton upande wa magharibi. Ni tuta la kampuni ya reli ya Missouri-Kansas-Texas, ambayo watu waliifupisha kwa herufi K na T hadi ikawa "Katy". Treni ya mwisho kwenye sehemu kubwa ya njia hii ilipita mwaka 1986. Reli na mataruma vikang'olewa, tuta likashindiliwa chokaa iliyosagwa, na kipande cha kwanza kikafunguliwa hapo hapo Rocheport mwaka 1990. Kwa masafa marefu, kutoka St. Charles hadi Boonville, njia inaufuata mto Missouri: upande mmoja maji ya rangi ya udongo, upande mwingine magenge ya mawe meupe yaliyosimama wima. Handaki tulilokaa mbele yake lilichimbwa mwanzoni mwa miaka ya 1890, na ukipitisha mkono kwenye mawe yake ya ndani, giza lile linaonekana kama masizi ya injini za mvuke ambayo mvua haijawahi kuyafikia.

Njia inayotokana na reli ina tabia yake. Injini ya mvuke haikuweza mlima mkali, kwa hiyo wajenzi walikata vilima, wakajaza mabonde, wakainua madaraja, mradi treni ipande taratibu. Usawa huo ndio unaowakusanya watu ambao mlima ungewatenganisha. Kwenye njia ya milimani, mzee mwenye magoti mabovu na kijana wa kilomita 100 kwa siku hawakutani kabisa, kwa sababu mmoja hafiki. Kwenye Katy wanakutana. Mwenye kiti cha magurudumu anafika, mtoto anayejifunza baiskeli anafika, bibi yetu alifika akiwa amevaa kitenge na kandambili. Wote hao wamo kwenye upana usiozidi sana mita 3.

Nirudi kwenye hodi.

Reli ilipojengwa katika karne ya 19, kampuni nyingi hazikununua ardhi yote. Mara nyingi zilipewa haki ya kupita tu: shamba linabaki kuwa la mwenye shamba, na kampuni inaruhusiwa kupitisha treni. Treni zikikoma, haki ile inakufa na ardhi inarudi kwa mwenyewe. Mkulima wa Missouri aliyerithi shamba la babu yake alijua hivyo, na mwaka 1986 alitazama reli zikinyamaza akiamini kwamba ukanda ule sasa ni wake: aulime, auzungushie ua, aunganishe shamba lililokuwa limekatwa vipande viwili kwa karibu miaka 100.

Lakini Bunge la Marekani lilikuwa limetangulia. Mwaka 1983 lilirekebisha sheria ya njia za taifa ya 1968 na kuingiza utaratibu ambao kwa Kiswahili ningeuita kuweka reli akiba. Kampuni inayotaka kuachana na njia yake inaweza kuikabidhi kwa jimbo, mji au shirika liitunze kama njia ya watu, kwa sharti kwamba siku treni ikihitajika tena, njia irudishwe. Kisheria reli haijafa, imelala. Na kwa kuwa haijafa, ardhi hairudi kwa mkulima.

Mfanyabiashara Ted Jones na mkewe Pat walikuwa wamevutiwa na njia ya aina hii huko Wisconsin, iendayo kutoka Elroy hadi Sparta, ambayo ni miongoni mwa za mwanzo kabisa nchini. Walitoa dola 200,000 ili jimbo la Missouri lipate ukanda wa Katy, kisha dola milioni 2 za kuujenga. Ulikuwa ukarimu wa kweli, na mimi ninaufaidi kila mwisho wa juma. Lakini hela za kuupata ukanda zilikwenda kwenye kampuni ya reli. Mkulima hakupata senti.

Wakulima wakaenda mahakamani. Mwaka 1990, katika kesi ya Preseault iliyotoka jimbo la Vermont, Mahakama Kuu ya Marekani ilisema mambo mawili kwa pamoja. La kwanza, sheria ya kuweka reli akiba ni halali. La pili, mwenye ardhi anayeona kwamba mali yake imechukuliwa ana haki ya kuidai serikali kuu fidia. Kwa Missouri, hukumu ya kwamba wenye mashamba kando ya Katy walistahili kulipwa ilikuja mwaka 2000. Hesabu mwenyewe: njia ilifunguliwa 1990, haki ikatamkwa miaka 10 baadaye, na katikati ya hapo maelfu ya watu walipita kwenye ardhi ambayo mwenyewe alikuwa bado anabishania.

Ninaipenda njia hii na bado nasema wazi kwamba hapo palikosewa. Sheria yenyewe naiunga mkono. Ukanda wa reli ni kitu kinachokusanywa mara moja katika historia: shamba kwa shamba, daraja kwa daraja. Ukiuachia ukatike vipande, hakuna serikali itakayokuwa na fedha wala ubavu wa kuukusanya tena. Kosa lilikuwa ni mpangilio. Fidia ilipaswa kutembea pamoja na sheria, mkulima asisubiri mpaka awe na uwezo wa kuweka wakili. Anayeingia kwanza halafu akabisha hodi akiwa tayari sebuleni hata akilipa hasahauliki upesi. Kinyongo hicho ndicho kilichofanya wakulima wengi wa kando waipinge njia mpya ya Rock Island, hapo hapo Missouri, ambayo jimbo liliipokea kama zawadi mwaka 2021, kilomita zaidi ya 230.

Na malalamiko ya mkulima hayaishii kwenye hati. Mtu aliyezoea treni mbili tatu kwa siku, zinazopiga honi na kupita, sasa ana wageni wanaopita kimya saa yoyote ya mchana nyuma ya ghala lake. Wengine wanaacha lango wazi. Wengine wana mbwa wasio na kamba. Wengine wanachuma mahindi. Siku ya kupulizia dawa shambani lazima aangalie upepo na aangalie watu. Kelele za treni zilikuwa na ratiba, za binadamu hazina.

Jinsi sheria hii inavyoning'inia kwenye kitu chembamba, daraja la zamani la reli la Boonville linaonyesha kuliko kitabu chochote. Ni daraja la chuma la miaka ya 1930, lenye sehemu ya katikati inayopanda juu kupisha meli za mtoni. Katy ya leo hailitumii: watu wanavuka mto kwa daraja la barabara lililo jirani. Kampuni ya reli ya Union Pacific, iliyoimeza kampuni ya Katy mwaka 1988, ilitaka kulibomoa na kutumia chuma chake kwenye mto mwingine. Mwaka 2005 serikali ya jimbo ikakubali kuachia. Ungedhani ni suala la chuma chakavu. Lakini ikiwa reli imelala tu, siku ya kuamka itavukia wapi? Bila daraja, mwenye shamba angeweza kusimama mahakamani na kusema kwamba reli yenu imekufa, nipeni ardhi yangu. Mwanasheria Mkuu wa jimbo, Jay Nixon, alilishitaki jimbo lake mwenyewe ili daraja libaki. Kesi alishindwa, lakini mvutano uliendelea, na mwaka 2010 kampuni ikalikabidhi kwa mji wa Boonville. Leo unaweza kutembea juu yake hadi sehemu fulani na kuusikia mto chini ya miguu.

Sisi wa Afrika Mashariki tunazo njia zetu zilizonyamaza. Kusini mwa Tanzania, mpango wa karanga wa mwaka 1947 ulijengewa reli kutoka pwani hadi Nachingwea. Karanga zilishindikana, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ile ikafungwa na vyuma vikang'olewa. Kwa miaka mingi sasa imezungumzwa reli ya kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay. Ikijengwa, itaanza moja: kupima, kuhamisha, kulipa. Uganda nako, reli ya Kampala hadi Kasese iliyokamilika 1956 ilikoma kutumika mwishoni mwa karne iliyopita, na watu wakajenga na kulima juu yake, kwa sababu ardhi tupu isiyo na mtu wa kuiangalia haikai tupu.

Neno tunalolijua ni "hifadhi ya reli", na wengi tumelijua kwa rangi: alama ya X nyekundu ukutani, kisha tingatinga. Mtu amekaa miaka 30, anaambiwa siku moja kwamba yumo ndani ya hifadhi. Njia ya watu ingekuwa mlinzi wa hifadhi bora kuliko X. Palipo na mguu wa kila siku, mpaka unajulikana na kila mtu: mwanafunzi anayekwenda shule, mama mwenye kuni kichwani, bodaboda, mfugaji na ng'ombe wake. Watu hao tayari wanatembea kando ya reli zetu, zilizolala na zilizo macho, bila jina wala ulinzi. Kuweka reli akiba si anasa ya nchi tajiri, mradi mwenye shamba aulizwe na alipwe kwanza. Hapo tungewazidi Wamarekani.

Sasa juu ya wanaopita. Kanuni ya Katy na ya njia nyingi za aina hii ni rahisi: baiskeli inampisha mwenda kwa miguu, na wote wawili wanampisha farasi. Siku ya kwanza niliposikia nilidhani farasi anapewa heshima kwa ukubwa wake. Sababu ni macho yake. Farasi ana macho pembeni mwa kichwa, anaona karibu pande zote isipokuwa nyuma yake kabisa na mbele ya pua yake. Baiskeli inayokuja kimya kutokea nyuma, kwake, ni mnyama anayewinda. Kengele haimsaidii sana, ni mlio tu. Sauti ya binadamu anaijua. Ndiyo maana wapanda farasi husema: ongea. Sema chochote, lakini ongea, upunguze mwendo, na usubiri mpandaji akujibu. Hata hivyo farasi hawaruhusiwi njia nzima, ni sehemu maalumu tu, na naona ni busara. Kwato huchimbua chokaa ikiwa na maji, na shimo la kwato likikauka humwangusha mwenye tairi jembamba.

Kanuni hii ina mantiki moja: mwenye nguvu ya kudhuru ndiye anayepisha, na farasi anawekwa juu kwa sababu akishtuka anamdhuru aliye mgongoni na waliomzunguka. Haiangalii nani alitangulia wala nani analipa kodi zaidi. Kwa hiyo inapokuja baiskeli ya umeme sioni haja ya kuanza mjadala upya. Marekani huzigawa katika madaraja matatu, na la juu kabisa husaidiwa na mota hadi kilomita 45 kwa saa. Zimewarudisha njiani wazee waliokuwa wameacha, na hilo ni jema kubwa. Lakini aliyeongezewa mwendo ameongezewa pia deni la kupisha, na deni hilo alilipe kwa kupunguza mwendo hadi wa miguu kila anapomkuta mtu.

Hapo ndipo namrudia yule binti. Nyarugusu alikokulia, magari hupita kushoto, kama Tanzania nzima. Mwili wake ulikuwa umefundishwa kukaa upande huo, na neno la Kiingereza likamthibitishia. Vibao nilivyoviona mwanzoni mwa njia ni vya Kiingereza tupu, wakati St. Louis na Columbia, miji miwili iliyo karibu na Katy, ina familia za Wakongo wanaozungumza Kiswahili nyumbani. Yule bwana hakukosa adabu. Alifuata desturi ya huku. Ila desturi yenyewe ina upungufu: inatangaza nia ya anayepita, haisubiri jibu. Anasema nakuja upande huu, na tayari anakuja.

Hodi haifanyi hivyo. Anayepiga hodi amesimama, au amepunguza, na haingii mpaka asikie karibu. Ndivyo wapanda farasi wanavyotaka, na ndivyo ningependa kila baiskeli imfanyie kila mwenda kwa miguu, hasa mtoto na mzee: kengele ikiwa mbali, mwendo wa kutambaa ikiwa karibu, neno la salamu, na jicho kwa jicho kabla ya kupita. Mpanda baiskeli atapoteza sekunde 5. Kwenye njia ya kilomita 386 sekunde 5 anazo.

Jioni ile tulirudi upande wa gari tulipoliacha. Mahali ambapo njia inakatwa na barabara ya shamba, mashine kubwa ya kuvunia soya ilikuwa imesimama kwenye kivuko, injini ikinguruma, imetazama upande wa pili. Dereva alikuwa mzee mwenye kofia ya kilimo iliyopauka. Waendesha baiskeli wawili walikuwa wamesimama upande mmoja, mguu mmoja chini, sisi tukasimama upande wa pili, binti ameshikwa mkono. Mzee yule alitutazama, asisogee. Nadhani alikuwa amezoea kusubiri. Kwa sekunde kadhaa kila mtu alimngoja mwenzake.

Bibi akatoka mbele yetu kidogo, akaufungua mkono wake wa kulia kuelekea shambani.

"Pita, papa," akamwambia kwa Kiswahili. "Pita."